Jimbo la Ng'ambo: Ijara ya Ardhi na Kura ya 1957

Imekuwa ada, kwa waandishi wa tarehe ya Unguja na kwa wazee wanaosimulia zama za siasa barazani, kusema kwamba matokeo ya uchaguzi wa Julai 1957 katika jimbo la Ng'ambo yalikuwa ni kura ya kabila na hapana zaidi: Mwafrika alimpa Mwafrika mwenziwe, na shauri likaisha. Kauli hii nimeikuta kwa mahasimu wa Afro-Shirazi na kwa mashabiki wake pia, wale wakiitumia kulaumu na hawa kujivunia. Nami naona kwamba wote wawili wamewadhulumu watu wa Ng'ambo, kwa kuwasawiri kama kaumu iliyozinduka asubuhi moja ilipoona sanduku la kura, ilhali walikuwa wamekwisha kushindana na dola na matajiri kwa karibu miaka thelathini.

Jinsi mtaa huo ulivyokua nyuma ya hori lililoutenga na Mji Mkongwe, na jinsi watumwa walioachwa huru, mahamali, wavuvi, mafundi na wageni wa bara walivyokutana humo, ni habari mashuhuri ambayo msomaji anaijua. Lisilotajwa sana, na kwangu mimi ndilo shina la mambo yote, ni kwamba aghalabu ya watu hao walimiliki nyumba pasipo kumiliki ardhi iliyobeba nyumba hizo. Hapo kale mwenye kiwanja, Mwarabu au Mhindi, alimruhusu mtu kujenga bila ya malipo, au kwa malipo hafifu, maadamu mjengaji alihesabiwa kuwa mtu wake. Na viwanja vingine vilikuwa waqfu. Lakini kadiri mji ulivyopanuka na ardhi ikawa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, hisani ile iligeuka kuwa ijara, na ijara ikapanda kila mara, hata ikawa mzigo kwa mtu ambaye nyumba yake ya miti na udongo ndiyo mali yake yote duniani.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Haukuwa mgomo wa wahuni, kama serikali ilivyotaka uonekane, bali wa wenye nyumba, na miongoni mwao wanawake wenye nyumba zao wenyewe, waliosema kwa ulimi mmoja kwamba ardhi waliyoishi na kuzikia wafu wao haiwezi kuwa duka la mtu mwingine. Baadhi walipofungwa, umma uliliendea gereza kuwatoa. Serikali, iliyozoea kudhani kwamba fikra za siasa zinakaa Mji Mkongwe peke yake, ililazimika mwaka ule ule kutunga sheria ya kuzuia ijara isipandishwe ovyo. Naliandika jambo hili kwa msisitizo kwa sababu wako wanaoanzisha siasa ya Zanzibar na vyama vya miaka ya hamsini, kana kwamba hapana lililotangulia. Rai hiyo sina subira nayo.

Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo tangu 1926, lakini wajumbe wake wasio maofisa walikuwa wa kuteuliwa, na Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi, hakuingia ila 1946. Miaka miwili baadaye ukaja mgomo mkuu wa 1948, ulioanzia kwa makuli wa bandarini, na wengi wao wakazi wa Ng'ambo. Kwa hiyo wakati mapendekezo ya Coutts, kamishna aliyetumwa kuchunguza njia ya kuwapata wajumbe wa Baraza, yalipotoa viti sita vya kuchaguliwa, na kimojawapo kikawekwa Ng'ambo, jimbo lile lilikuwa limekwisha kujifunza kukutana, kuchanga na kukataa.

Katika kiti hicho Sheikh Ali Muhsin Barwani, mhariri wa gazeti la Mwongozi na kinara wa chama cha Hizbu (ZNP), alisimama kupambana na Abeid Amani Karume wa Afro-Shirazi. Insafu inataka tuseme kwamba ulikuwa uamuzi wa ujasiri: alikuwa na nafasi ya kutafuta jimbo jepesi, naye akalichagua hili ili kuthibitisha kwamba uraia wa Zanzibar hauna rangi. Walakini kabla ya kura haki ya Karume ya kugombea ilipingwa na Hizbu kwa hoja ya uzawa wake, shauri likafika mahakamani, na hukumu ikawa upande wake. Rai yangu ni kwamba hapo ndipo Hizbu ilipoipoteza Ng'ambo. Mtu aliyekwisha kuambiwa na mwenye kiwanja kwamba yeye ni mgeni juu ya ardhi aliyojenga, aliposikia mgombea wake naye akiulizwa katoka wapi, hakuhitaji mwalimu wa kumfasiria. Karume alipata kura 3,328, Ali Muhsin 918. Na tukumbuke kwamba daftari lile la wapiga kura lilikuwa la wanaume tu, wenye kutimiza masharti yaliyowekwa. Wanawake walioshiriki mgomo wa 1928 hawakuwamo, na hawakupiga kura hadi 1961.

Kuhusu chaguzi mbili za 1961 na ule wa 1963, viti vilipozidishwa na mji ukagawanywa katika majimbo madogo, Jang'ombe na Darajani yakiwamo, vitabu havikosekani, na msiba wa ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 una waandishi wake. Mimi naruka hadi 8 Machi 1964, majuma manane baada ya Mapinduzi, Karume alipotangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Ijara iliyogomewa ikafutika kwa kauli ya mtu yule yule aliyepelekwa Barazani na wapangaji wa viwanja vya Ng'ambo. Lakini Baraza lenyewe halikuwapo tena. Kutunga sheria kulikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi, na nyumba nyingi zilizogombewa 1928 zilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani, wala jimbo halikuwa na mjumbe wa kuchaguliwa wa kuuliza nani ahamishwe na wapi apelekwe. Baraza la Wawakilishi lilifunguliwa Januari 1980, karibu miaka kumi na saba tangu Ng'ambo ilipopiga kura ya Julai 1963.