Redio ilifika Kinkondja kabla ya reli kufika Bukama

Kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara: kwa nini redio ya FM inasikika vizuri kando ya ziwa Kisale, lakini jamaa zetu walio nyuma ya vilima hawapati kitu? Wengi wanasema mashine haina nguvu. Historia ya Kinkondja yenyewe inatoa jibu lingine.

Reli kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918. Mbele ya hapo Kinkondja, ambayo wakati ule iliandikwa Kikondja, ilikuwa tayari na posta ya telegrafu bila waya, ile Wabeleji waliyoiita TSF. Mfalme Albert I aliunga mkono mpango huo, na mwanasayansi Robert Goldschmidt akausimamia. Kuanzia 1911 posta zilijengwa kutoka Banana kwenye bahari, kupitia Boma, Coquilhatville, Stanleyville, Kindu, Kongolo na Kikondja, hadi Elisabethville.

Tazama umbali wenyewe. Elisabethville hadi hapa ni karibu kilomita 400. Hapa hadi Kongolo ni zaidi ya 300. Katikati kuna milima na mabonde. Ujumbe ulipita kwa sababu mawimbi yale yalikuwa marefu, mamia ya metres kwa wimbi moja. Wimbi refu linatambaa juu ya udongo na kupinda mgongo wa kilima. Lakini lilibeba alama za telegrafu tu, si sauti ya mtu, na ngurumo za masika ziliweza kulifunika.

Wimbi la FM lina urefu wa metres 3 tu. Linakwenda karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na nyuma ya kilima linaacha kivuli. Sisi tunakaa katika bonde la Upemba, chini ya metres 600 juu ya bahari; Kamina iko kwenye uwanda wa karibu metres 1100. Hata penye tambarare, dunia yenyewe inapinda: antena ya metres 30 inafika karibu kilomita 28. Ukiipandisha hadi metres 60, inafika karibu 38. Ukiongeza wati maradufu bila kugusa mnara, kilima bado kiko palepale.

Njia ya tatu wazee wetu wanaijua: foni ya misioni na ya wafanyabiashara. Waya wake unafungwa chini chini, wimbi linapanda juu angani, linarudishwa, kisha linaanguka hata nyuma ya mlima, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Zamani fundi alijua kivuli kiko wapi kwa kutembea tu. Mwaka 1968 Anita Longley na Phil Rice wa Marekani walitoa hesabu ya kukadiria mawimbi juu ya nchi yenye vilima. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada urefu wa sehemu kubwa ya dunia, bonde letu likiwemo. Roger Coudé wa Kanada, mpenzi wa redio, aliunganisha mambo hayo mawili katika programu yake Radio Mobile, ambayo ni bure kwa wapenzi wa redio na kwa kazi za misaada. Unaweka mahali pa mnara, nayo inachora wapi patasikika na wapi patakuwa kimya.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mwaka 2005 na 2006 familia zilikimbia vita upande wa Mitwaba, nyingine zikaishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea katika ziwa Upemba. Kwa mtu wa namna hiyo, kukaa ndani ya kivuli ni kukosa kujua kama njia ya kurudi ni salama, au chanjo ya watoto inatolewa wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga pesa za mashine kubwa, tuulize kwanza: mnara utasimama wapi, na wahamaji wako upande gani wa kilima? Nawe uliye kambini, washa redio yako ndogo, kisha utume habari: mahali gani inasikika, na mahali gani inakatika. Ramani inakadiria, sikio lako ndilo linalothibitisha.