Kutoka Le Mandat hadi Mandabi: Kipi Ni Tafsiri?

Ni desturi ya wahakiki wetu kuipima filamu kwa kitabu, kana kwamba kitabu ndicho asili na filamu ni kivuli chake. Kazi ya Ousmane Sembène yaitilia shaka desturi hiyo. Le Mandat, riwaya fupi aliyoiandika kwa Kifaransa, haingesomwa na wengi wa wale inaowasimulia. Mhusika mkuu, Ibrahima Dieng, hajui kusoma; barua ya mpwa wake aliyeko Paris, iliyoambatana na hawala ya posta ya faranga 25,000, yabidi asomewe. Katika fedha hizo zake ni 2,000 tu. Hata hivyo, hawala hailipwi bila kitambulisho, na kitambulisho hakitolewi bila cheti cha kuzaliwa. Mwishowe Mbaye, jamaa yake msomi, anamdhulumu zote.

Sembène alikwenda Moscow kusomea filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili awafikie wasiosoma. Mwaka 1968 akaitoa Mandabi kwa Kiwolofu, ingawa toleo la Kifaransa nalo lilitengenezwa. Wapo wanaoiita filamu hiyo tafsiri. Mimi naona kitabu ndicho tafsiri, kwa kuwa Dieng na wake zake, Mety na Aram, hawana sababu ya kusemezana Kifaransa. Mwanafunzi anayeanza na filamu (nao ni wengi, tusijidanganye) akakifuata kitabu baadaye, husikia jinsi sentensi za Kifaransa zinavyoubeba usemi wa Dakar, na mahali zinapoudondosha.