Juhi Chawla: taji la mwaka mmoja, kazi ya karibu miaka arobaini

Juhi Chawla ni mwigizaji, mtayarishaji wa filamu na mfanyabiashara wa India. Alizaliwa tarehe 13 Novemba 1967, baba yake Mpunjabi na mama yake Mgujarati. Wengi wetu Pwani tunamjua kwa sura na kicheko chake tangu enzi za kanda za video. Wachache wanajua kwamba alianza kama malkia wa urembo, na wachache zaidi wanajua kwamba ukoo alioolewa una mizizi hapa hapa Afrika Mashariki.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila riziki yangu kwa sasa iko bara, katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako nafundisha ushonaji. Huku nako wasichana hushindania mataji ya urembo, na wazazi huniuliza taji litamfikisha wapi mtoto wao. Wengine hulipinga kabisa, wengine hukopa pesa za gauni. Mimi huwapa habari za Juhi, kwa kuwa maisha yake ya kazi yanajibu swali hilo kuliko ninavyoweza kulijibu mimi.

Taji na anguko la kwanza

Mwaka 1984 alishinda taji la Miss India, na mwaka huo huo akaiwakilisha nchi yake katika Miss Universe mjini Miami, Marekani. Taji kuu hakulipata, lakini alitunukiwa tuzo ya vazi bora la kitaifa. Filamu yake ya kwanza, Sultanat, ilitoka 1986 ikiwa na nyota wakubwa kama Dharmendra na Sridevi. Ilianguka sokoni. Hapo taji lilikuwa limeshafanya kazi yake: lilimfungulia mlango, basi.

Alikwenda India ya kusini akaigiza katika Premaloka ya mwaka 1987, filamu ya Kikannada, lugha isiyo yake. Filamu hiyo ilipendwa sana. Mwaka uliofuata ikatoka Qayamat Se Qayamat Tak, yeye na Aamir Khan wakiwa vijana wawili wanaopendana huku koo zao zina uhasama. Tangu hapo jina lake likawa jina la nyumbani, hata huku kwetu.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyomkomaza. Mwaka 1993 peke yake alionekana katika Darr, akiwa mwanamke anayeandamwa na mtu aliyerukwa na akili kwa mapenzi, na katika Hum Hain Rahi Pyar Ke, picha ya vichekesho iliyompatia tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike. Uhodari wake mkubwa ulikuwa kuchekesha. Mwaka 1997 aliurudia katika Yes Boss na Ishq.

Lugazi na Makindu

Mwaka 1995 aliolewa na Jay Mehta. Babu yake Jay, Nanji Kalidas Mehta, alitoka Gujarat akiwa kijana mdogo, akafanya biashara Afrika Mashariki, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na familia hiyo ikapoteza mali yake. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979 ilirudi na kukifufua kiwanda.

Historia hiyo ina uchungu wake pia. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilitaka kukipa kiwanda cha Lugazi takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala, roho zikapotea, na mpango ukasimamishwa.

Kwa mtu wa Makueni habari hizi haziko mbali. Kila anayesafiri kati ya Mombasa na Nairobi anajua hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926 kando ya reli, ambako msafiri wa dini yoyote hula bila kulipa. Wapunjabi walikuja kwa kazi ya reli, Wagujarati wakaja kwa biashara, na njia ya wengi wao ilipita hapa kuelekea bara. Ndiyo maana naona Juhi si mgeni kabisa kwetu.

Kutoka kuajiriwa hadi kumiliki

Mwaka 1999 Juhi, Shah Rukh Khan na mwongozaji Aziz Mirza waliunda kampuni ya filamu, Dreamz Unlimited. Picha yao ya kwanza, Phir Bhi Dil Hai Hindustani ya mwaka 2000, haikufanya vizuri sokoni. Chalte Chalte ya mwaka 2003 ilifaulu, na humo stelingi wa kike alikuwa Rani Mukerji. Mwaka 2008 Shah Rukh na kundi la Mehta walinunua timu ya kriketi ya Kolkata Knight Riders, ambayo imetwaa ubingwa wa ligi ya IPL mara tatu: 2012, 2014 na 2024.

Kuigiza hakuacha. Katika My Brother Nikhil ya mwaka 2005 alikuwa dada anayesimama na ndugu yake mwenye virusi vya UKIMWI wakati wengine wanamkimbia. Katika Gulaab Gang ya mwaka 2014 alikuwa mwanasiasa katili, kinyume kabisa cha yule msichana mcheshi. Mwaka 2023 alionekana katika The Railway Men, tamthilia ya mkasa wa gesi wa Bhopal.

Ukihesabu, taji lake lilidumu mwaka mmoja. Kilichobaki ni kujifunza kazi, kukubali kuanza upya palipoharibika, na kuwa na hisa katika kinachotengenezwa. Tukumbuke pia kwamba aliolewa katika familia yenye mali, na si kila msichana wa Kitui, Wote au Kilifi atapata bahati hiyo.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kukubali au kukataa, waulize waandaaji mambo manne. Mkataba unasemaje na nani anautia saini? Mshindi analipwa nini, na lini? Picha zake zitakuwa mali ya nani? Na je, mwaka wa taji ukiisha, mtoto atakuwa amejifunza kazi gani? Wakishindwa kujibu la nne, mpeleke shule kwanza.