Mvuvi wa kayaki abebe fimbo ngapi?

Swali la idadi ya fimbo za kuvulia huonekana dogo hadi pale chombo kinapopinduka. Mvuvi aliye katika mashua kubwa ya injini anaweza kusimamisha fimbo sita nyuma yake asitaabike, maana yupo nahodha wa kushika usukani na wapo vijana wa kukunja mishipi. Aliye katika kayaki yu peke yake. Yeye ndiye nahodha, ndiye baharia na ndiye mvuvi, na mikono yake ni miwili. Kwa sababu hiyo, fimbo mbili zatosha kwa safari nyingi za baharini, moja humfaa zaidi anayejifunza, nayo ya tatu ina mahali pake, ila ni pachache.

Kayaki ni chombo chembamba kilichobuniwa na wakazi wa nchi za barafu za kaskazini mwa dunia, wakiwemo Wainuiti wa Greenland na Kanada. Walikiunda kwa kiunzi cha mbao au mifupa na kukivika ngozi za sili. Walikitumia kuwindia, na zana zao waliziweka juu ya sitaha, mbele au nyuma ya mwindaji, mahali ambapo mkono ulizifikia upesi. Kayaki za kuvulia za siku hizi ni za plastiki. Mvuvi huketi juu yake badala ya ndani, na nyingi zina urefu wa mita 3 hadi 4 na upana usiofika mita 1. Hata hivyo, lililowahusu wawindaji wale lingali linamhusu mvuvi wa leo, kwani zana isiyofikiwa na mkono haimfai kitu.

Hebu tutazame fimbo hukaa wapi. Aghalabu kayaki huwa na matundu mawili nyuma ya kiti ambamo fimbo husimamishwa, na pengine kishikilizi kimoja mbele ya magoti. Fimbo zilizosimama nyuma hazionekani na anayepiga kafi. Akirusha mshipi kwa nguvu, ndoana yake hunasa ncha ya fimbo nyingine. Akipita chini ya mikoko, matawi huzishika na kumzungusha. Samaki mkubwa akija, huanza kuzunguka chombo, na ni sharti fimbo inayopigana naye ipitishwe juu au chini ya zile zilizosimama. Kwa fimbo moja hilo ni jambo jepesi. Kwa nne ni fujo ya mishipi, ndoana na kafi, na kila fujo humlazimu mvuvi ageuze kiwiliwili nyuma. Kayaki nyingi hupinduka papo hapo, mwenyewe anapogeuka nyuma au kuinama upande mmoja kutafuta kitu.

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga, na anayepigana na samaki ndani ya kayaki tayari ameshika mbili, fimbo na kafi.

Katika Pwani ya Kenya, hesabu hii haiwezi kutenganishwa na pepo. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Novemba hadi Machi, na bahari nje ya miamba huwa na utulivu wa kiasi, hasa asubuhi. Kusi huanza kujijenga Aprili na kuitibua bahari kwa miezi kadhaa, na wakati huo hata wenye ngalawa, chombo kilichowekewa mbao za kando ili kisilale upande, hupunguza safari za nje. Mwenye kayaki hana mbao hizo. Wakati wa kusi abaki ndani ya miamba au katika mikono ya bahari kama ule wa Kilifi au Mtwapa, ambako mawimbi ni madogo. Humo ndimo fimbo ya tatu inapoweza kustahimilika.

Kwa safari ya nje ya miamba wakati wa kaskazi, mgawanyo wa kazi ndio unaoamua idadi. Fimbo ya kwanza iwe imara, yenye gurudumu linaloweza kubeba mshipi mrefu, kwa ajili ya kukokota chambo nyuma ya chombo huku mvuvi akipiga kafi. Hii ni ya nguru, kolekole na mzia. Kwa kuwa nguru na mzia wana meno yanayokata mshipi wa nailoni mara moja, kipande kifupi cha waya hutangulia ndoana. Fimbo ya pili iwe nyepesi, yenye chubwi na ndoana ndogo kidogo, kwa ajili ya kuteremsha chambo chini kwenye mawe penye changu na chewa. Kazi hizi mbili hazifanywi kwa wakati mmoja. Moja inafanya kazi, nyingine imelala.

Wapo wanaokokota mishipi miwili pamoja kwa hoja kwamba hilo huongeza nafasi ya kupata samaki. Ni kweli kwa mashua ya injini ambayo inaweza kuendelea mbele mishipi ikabaki imenyooka. Kayaki haina uzito wa kumzuia samaki. Nguru wa kilo kumi akishika, hukivuta chombo na kukigeuza omo, na wakati huo mshipi wa pili hulegea, ukazama na kupita chini ya kayaki. Hapo mvuvi ana mambo mawili ya kufanya na hana mkono wa kufanyia hata moja. Kwa maoni yangu, faida ya mshipi wa pili hailingani na hasara yake, isipokuwa wanapokuwa wawili katika kayaki ya viti viwili.

Hoja nzito zaidi ya wapendao fimbo nyingi ni kuhusu kufunga mafundo. Vidole vyenye unyevu, upepo na chombo kinachocheza hufanya kubadilisha ndoana kuwa kazi ya dakika nyingi, ilhali kundi la samaki halingoji. Fimbo iliyokwisha kufungwa chambo bandia huchukuliwa na kurushwa papo hapo. Hoja hiyo ina mashiko, lakini dawa yake ni kuandaa vipande vya mshipi vyenye ndoana tangu nyumbani na kuvifunga kwa vipingo vidogo vya chuma, ili kubadilisha kuwe kufungua na kufunga tu.

Ama kuhusu hofu ya fimbo kuvunjika, wavuvi wetu wa mitumbwi wana jibu la zamani. Wengi wao hawajawahi kuhitaji fimbo. Huzungusha mshipi kwenye kipande cha ubao au chupa tupu ya plastiki, wakauteremsha kwa mkono na kusikiliza kwa kidole jinsi samaki anavyogusa chambo. Mshipi wa aina hiyo unatoshea chini ya kiti, hauna ncha ya kunasa mikoko, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na fimbo. Anayetaka akiba na abebe huo mahali pa fimbo ya tatu. Asiuzungushe mkononi, kwani mshipi mwembamba ukivutwa na samaki mzito hukata nyama ya kidole.

Kuna nchi ambako suala hili liko mikononi mwa sheria. Nchini Uingereza, leseni ya kawaida ya kuvua trauti na samaki wengine wa maji baridi huruhusu fimbo mbili, na anayetaka ya tatu hulipia zaidi. Jimbo la California, Marekani, humtaka anayetumia fimbo ya pili katika maziwa na mito awe na kibali cha ziada. Nchini Kenya, la kuangaliwa kwanza ni mahali. Uvuvi hauruhusiwi katika mbuga za baharini zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), zikiwemo za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka wa 1968, iwe una fimbo moja au kumi. Uvuvi wa burudani nao huendeshwa kwa leseni, na ni busara kuulizia katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu kabla ya kushusha chombo. Kuhusu Ziwa Naivasha, penye viboko wengi, mwenye kayaki ana la kuhofia kubwa kuliko fimbo.

Njia ya kujua idadi inayokufaa ni kujaribu. Vaa jaketi la kuokolea, uandamane na mwenzako, mwende mahali penye mchanga na maji ya kifuani. Pakia fimbo zote unazonuia kubeba, bila ndoana, kisha upindue kayaki kwa makusudi. Irudishe wima, upande tena, na uhesabu. Fimbo zilizofungwa kwa kamba fupi zitakuwa zingali kando, ila kamba hizo hizo zaweza kukuzinga miguu, nazo huzidi kadiri fimbo zinavyozidi. Ikiwa umeshindwa kupanda kwa urahisi, au umepanda ukiwa umezingwa na mishipi, punguza moja urudie.

Wakati wa kurejea ufuoni kupitia mawimbi yanayovunjika, fimbo zote zilazwe na kufungwa ubavuni mwa kayaki, ndoana zikiwa zimeondolewa na kutiwa katika kisanduku chenye kifuniko. Fanya hivyo kabla ya kuyafikia mawimbi, maadamu maji bado yametulia. Zikiwa mbili, ni kazi ya muda mfupi.