Hadhi Inapanda, Wasemaji Wanapungua: Sera ya Lugha na Kihakka cha Taiwan

Kihakka ni lugha ya jamii ya Kichina yenye chimbuko kusini mwa China, hasa pale majimbo ya Guangdong, Fujian na Jiangxi yanapopakana. Wasemaji wake walivuka bahari kwenda Taiwan tangu karne ya 17, wakajikita Taoyuan, Hsinchu na Miaoli upande wa kaskazini, na Meinong na vijiji vya Pingtung upande wa kusini. Lahaja zao kuu ni Kisixian, chenye toni 6, na Kihailu, chenye toni 7.

Lugha hii haikufifia kwa kupuuzwa na wenyewe. Chini ya Japani, kati ya 1895 na 1945, shule zilifundisha Kijapani. Serikali ya Kuomintang iliyofuata ikaleta Kimandarini, na mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao darasani alitozwa faini au kuvishwa kibao shingoni mbele ya wenzake. Sheria ya utangazaji ya 1976 iliagiza vipindi vya lugha za wenyeji vipunguzwe mwaka hadi mwaka. Wahakka walibanwa pia upande wa pili na Kihokkien, lugha ya walio wengi kisiwani. Mhakka aliyehamia Taipei alizungumza Kimandarini kazini na Kihokkien sokoni, na majirani wengi hawakujua asili yake. Shinikizo hili la pili halikuandikwa katika sheria yoyote, na kwa hiyo kulifuta ni kazi ngumu zaidi.

Tarehe 28 Desemba 1988, mwaka mmodi na nusu baada ya sheria ya kijeshi kuondolewa, maelfu waliandamana Taipei wakidai warudishiwe lugha ya mama. Kifungu cha utangazaji kilifutwa 1993. Mwaka 2000 sheria iliagiza matangazo ya vyombo vya usafiri wa umma yatolewe kwa lugha za wenyeji pia, na abiria wa treni za Taipei hulisikia jina la kituo kwa Kimandarini, Kihokkien, Kihakka na Kiingereza. Baraza la serikali la masuala ya Wahakka liliundwa 2001, televisheni ya Kihakka ikaanza 2003, Sheria ya Msingi ya Wahakka ikapitishwa 2010. Marekebisho yake ya 2018 yaliitambua lugha hii kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Ni jamii chache za wachache duniani zilizopata haki nyingi kiasi hicho ndani ya miaka 30.

Hata hivyo, uchunguzi wa Baraza hilo unaonyesha mambo mawili yanayokwenda kinyume. Kati ya 2016 na 2021 wanaojitambulisha kuwa Wahakka waliongezeka, wakafikia takriban milioni 4.7, ilhali wanaoweza kukizungumza Kihakka walishuka kutoka karibu asilimia 47 hadi 38. Sheria humtambua Mhakka kwa nasaba na kwa kujitambulisha kwake, si kwa lugha. Ufafanuzi huo ni wa haki kwa waliopokonywa lugha shuleni, lakini unaweza kuficha hasara: kabila linastawi kwenye takwimu huku lugha yake ikikatika kati ya bibi na mjukuu. Wahakka wana msemo kwamba ni heri kuuza shamba la mababu kuliko kusahau maneno yao. Wazazi wengi wa leo hawakuyasahau, hawakupewa.

Tangu 2001 shule za msingi zina kipindi kimoja cha lugha ya nyumbani kwa wiki. Dakika 40 zinatosha kumfundisha mtoto salamu na nyimbo, lakini haziwezi kufanya kazi ya jikoni na uwanjani. Matumaini makubwa yako kwenye shule za chekechea ambako mwalimu huendesha shughuli za siku kwa Kihakka, kwa kuwa huko mtoto huomba maji na kugombania mwanasesere kwa lugha hiyo. Bajeti ingefaa kuelekezwa huko kabla ya matamasha.

Kifungu kingine cha 2018 kinastahili uzito huohuo: pale Wahakka wanapofika nusu ya wakazi, Kihakka kinatakiwa kuwa lugha kuu ya mawasiliano. Utekelezaji wake unategemea wafanyakazi wa ofisi za tarafa, zahanati na vituo vya polisi. Ajira za ofisi hizo zikidai ufasaha wa Kihakka, mzazi wa Miaoli atakuwa na sababu ya kumpa mwanawe lugha hiyo, sababu ambayo kipindi cha shule hakijawahi kumpa.