Mbuzi Walikuwa Wanarudi

Jina langu ni Cherono. Kwetu Wakalenjin, Kiprono au Cherono ni mtoto aliyezaliwa jioni, wakati mbuzi na kondoo wanarudi nyumbani kutoka malishoni. Kadi yangu ya kliniki, ambayo mama ameiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti za shule, inasema nilizaliwa saa tatu na dakika kumi usiku. Saa hiyo hakuna mbuzi anayerudi popote. Mbuzi amelala.

Nililigundua hili nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili, niko nyumbani sina kazi, napanga makaratasi ya mama ili nionekane nina shughuli. Nikamuuliza: mbona mimi si Chepkemboi, mtoto wa usiku? Akacheka, akaniambia nikamuulize kogo. Kogo ni nyanya yangu mzaa mama.

Siku hiyo, kogo ndiye aliyemsindikiza mama hadi hospitali moja mjini Eldoret. Walifika asubuhi. Getini mama akaruhusiwa kuingia, kogo akaambiwa arudi saa za kuona wagonjwa. Hakurudi kokote. Alikaa kando ya ua mchana kutwa, na saa za kuona wagonjwa zilipofika akaambiwa aliye leba haonwi. Jioni watoto wakapita barabarani wakiswaga mbuzi. Soja akamwambia mama nenda nyumbani, giza linaingia. Akapanda matatu ya mwisho. Habari kwamba ni msichana ilimfikia kesho yake.

"Mimi niliondoka hapo mbuzi wakirudi," huwa ananiambia. "Ya baadaye sijui, sikuwepo." Basi akanipa jina la saa ya mwisho aliyokuwa karibu nami.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma majina yetu kama mtu anayesoma faili. Ukitazama marathoni kwenye runinga, unasikia mambo ya leba bila kujua. Kipchoge ni aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Jepchirchir ni aliyekuja kwa haraka, uchungu haukuchukua muda (na Rais wetu naye ana Kipchirchir yake, ukitaka kujua). Kipruto ni wa safarini. Kipsang alizaliwa nje. Kiptoo na Cheptoo walizaliwa wageni wakiwa wamefika. Wengi siku hizi wanalibeba jina kwa sababu baba alikuwa nalo, sawa, lakini mahali fulani nyuma kuna mtu wa kwanza aliyezaliwa kando ya ghala.

Si sisi peke yetu. Atieno wa Wajaluo ni wa usiku, na Ayoo ni wa njiani. Nafula wa Wabukusu alikuja na mvua, Nanjala alikuja na njaa. Sheria ya kusajili vizazi ililetwa na wakoloni, lakini kwa muda mrefu haikumhusu Mwafrika wa kijijini. Ilichukua hadi 1971 kuenea nchi nzima. Kabla ya hapo hapakuwa na cheti. Jina ndilo lililokuwa cheti: saa, mahali, hali ya hewa, na nani alikuwa amekuja kutembea.

Sasa fikiria kidogo. Mwanamke aliye kwenye uchungu hana habari na mbuzi. Ili mtoto aitwe Cherono lazima kuwe na mtu mwingine, ameketi pale mlangoni, anayemshika mama mgongo huku akiona nje. Kila jina la namna hii lina shahidi ndani yake. Kuzaa nyumbani hakukuwa tu suala la jengo. Kulikuwa ni kuzaa mbele ya watu wanaokujua, ambao wataulizwa baadaye ilikuwaje.

Watu hao walikuwa wanawake: mkunga mzee, mama mkwe, wake wenza, jirani aliyezaa mara nyingi. Mwanamume alikaa mbali. Kwa Wanandi, mtoto akishatoka wanawake walikuwa wakiyaita majina ya wahenga mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto angepiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi. Wakati mwingine ugoro ulisaidia chafya ije. Nyumba ilijaa walio hai na waliokufa, baba tu ndiye hayupo. Kwa Wakikuyu, Jomo Kenyatta anaeleza kwenye Facing Mount Kenya (1938) kwamba baba alipata habari kwa kusikia vigelegele: vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana. Kwa hiyo mtu akiniambia ati "uzazi wa familia" wa kiasili ni mume kushika mkono wa mkewe, namwambia hizo ni za juzi. Na enyewe, hesabu ya vigelegele peke yake inaonyesha kwamba chumba hicho kilichojaa upendo kilikuwa na mizani yake.

Kisha kuna jina moja linalonisisimua kuliko yote: Kipchumba, na kwa msichana Chepchumba. Chumba, kwa Kikalenjin, ni mzungu. Linaelezwa kuwa ni mtoto aliyezaliwa penye wazungu, yaani hospitalini. Yaani watu walipoanza kuzalia kwa misheni na serikali, lugha haikushangaa. Iliongeza jina na kuendelea. Mtoto wa ghalani, mtoto wa safarini, mtoto wa kwa mzungu.

Nairobi, mlango huo wa mzungu unajulikana. Mwaka 1926 ulianza mpango wa nyumba ya uzazi uliobeba jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, na ndiyo iliyokuja kuwa Pumwani. Nusu ya watu unaokutana nao jijini wana mtu wao aliyezaliwa pale. Lakini kwa nchi nzima hospitali ilibaki jambo la wachache kwa miaka mingi. Mwaka 1987 wakubwa wa dunia walikutana hapa hapa Nairobi kuzindua mpango wa uzazi salama, na hata zaidi ya miaka 20 baadaye, utafiti wa serikali wa 2008-09 ulionyesha ni asilimia 43 tu ya watoto waliozaliwa katika vituo vya afya. Juni 2013 serikali ikatangaza kuzaa bila malipo katika hospitali za umma. Utafiti wa 2014 ukapata asilimia 61. Wa 2022 ukapata 82. Katika muda ambao mimi nimetoka chekechea hadi kuacha chuo, Kenya imehama kutoka nyumbani hadi hospitali. Hilo ni hamo kubwa, na sijawahi kulisikia likihadithiwa.

Hapa ndipo ningeweza kuanza kulia kuhusu kilichopotea. TikTok yangu imejaa video hizo: chumba chenye mishumaa, beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, muziki wa taratibu, mama anatabasamu. Dada yangu mkubwa, akiwa na mimba ya miezi saba, alinitumia tano kwa usiku mmoja. Akasema anataka kuzalia kwake, nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne Kasarani, mama akiwa naye. Mimi nikafurahi. Nilikuwa nishaanza kuandika makala hii na nilidhani nimepata mwisho wake.

Kogo alituharibia. Alizaa tisa, wote nyumbani, na nilipompigia kumweleza mpango wa dada nilitarajia baraka. Alinyamaza. Kisha akanihadithia kuhusu mdogo wake, jambo ambalo hata mama alikuwa hajasikia lote.

Mdogo wake alizaa salama, alfajiri. Kondo la nyuma halikutoka. Ndani ya nyumba kulikuwa na wanawake sita na kila mmoja alijua kitu. Walimkanda tumbo, walimpa dawa za mizizi, walimwita kwa jina lake la utotoni. Damu haikusimama. Wanaume wakaitwa wambebe kwenye blanketi hadi barabarani. Hapakuwa na gari. "Tulikuwa wengi," kogo akasema. "Hakuna aliyekosekana." Mtoto aliishi, ni mzee sasa, tunamwita mjomba. Jina lake ni Kipkoech, aliyezaliwa kunapopambazuka. Jina linasema kweli, lakini halisemi kwamba mama yake hakulimaliza pambazuko hilo.

Utafiti ule wa 2014 ulikadiria kina mama 362 waliokufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hiyo ni juzi, mimi niko shule ya msingi. Kwa hiyo sitamshauri mtu yeyote azalie ghorofa ya nne kwa sababu ya mishumaa. Kutokwa na damu hakusubiri lifti, na jengo la dada halina lifti.

Lakini pia sitasema hospitali ilishinda na tumalize. Mwaka ule ule wa 2013, video ya mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma Bungoma ilizunguka nchi nzima. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba heshima yake kama binadamu ilivunjwa. Nikisoma kesi hiyo huwa najiuliza swali dogo: angekuwa na dada yake pale, au mama mkwe mkali, angeachwa sakafuni? Tulipohama, tulichukua mwili wa mama tukaupeleka penye damu ya kuongezea na upasuaji, jambo zuri kabisa. Shahidi tukamwacha getini pamoja na soja. Hakuna dawa iliyohitaji abaki nje. Mwaka huo huo wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila mama awe na mtu wake, aliyemchagua mwenyewe, wakati wote wa uchungu. Kogo angewaambia hivyo mapema, na bila semina.

Kogo mwenyewe hakuwa na shida na hospitali. Alisema, "Aende kwa daktari. Lakini mtu wetu aingie."

Dada alizunguka. Mahali pa kwanza walimwambia haiwezekani, wodi ina vitanda vingi, wengine watakosa faragha, na hilo si uongo. Pa pili palikubali mtu mmoja, mwanamke, avae gauni la hospitali na asizunguke. Mama akaingia. Shemeji na mimi tukabaki kwenye benchi nje, usiku mzima, shemeji akinywa chai ya kibanda kikombe baada ya kikombe na kuniuliza kama mimi ndiye niliyesoma hizi vitu.

Mama alitoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu. Msichana. Dada mzima. Nikampigia kogo papo hapo, akapokea kabla simu haijalia mara ya pili.

"Nani alikuwa ndani?" akauliza.

"Mama."

"Sawa. Na nje kulikuwa na nini?"

Nikatazama. Ng'ombe hakuna, mbuzi hakuna. Kuna stendi ng'ambo ya barabara, taa bado zinawaka, makanga anagonga bodi la matatu ya kwanza kwenda tao, dereva anapasha injini, na nyuma yake nyingine tatu zimejipanga zinangoja kutoka.

"Matatu, kogo. Ndio zinatoka."

Kimya. Nikadhani mtandao umepotea. Kisha nikamsikia akicheka, ile cheko yake ya kifuani.

"Zinaenda kutafuta chakula?"

"Ndio."

"Basi hao ni ng'ombe wanaenda malishoni," akasema. "Huyo ni Chelimo."