Maziwa, Kuni na Maji: Historia ya Usindikaji wa Maziwa na Uendelevu wa Mazingira katika Mji wa Babati

Historia ya usindikaji wa maziwa nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata viwanda: kilipojengwa, kilipofilisika, kilipobinafsishwa. Kwa mtazamo huo, Babati haina historia. Kampuni ya umma ya Tanzania Dairies Limited, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa na viwanda Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Musoma, Mbeya, Tabora na Utegi, Babati haimo. Hata hivyo, maziwa yamesindikwa katika ardhi hiyo kwa vizazi vingi, na kila namna ya kuyasindika imedai kitu kutoka katika mazingira. Insha hii inajenga hoja kwamba suala la uendelevu wa mazingira katika tasnia ya maziwa ya Babati halikuanza na sheria za mwaka 2004, bali lilibadilika sura kadiri maziwa yalivyohama kutoka kwenye kibuyu kwenda kwenye sufuria, na kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye pakiti ya plastiki.

Kwa Wabarbaig, Wagorwaa, Wairaqw na Wambugwe, usindikaji ulikuwa kazi ya wanawake. Kibuyu kilifukizwa kwa kijiti chenye moto, kikasuguliwa kwa ndani kwa makaa yake, kisha maziwa yakamiminwa na kuachwa yagande. Katika jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, mti uliopendelewa zaidi kwa kazi hiyo ni mzeituni pori. Moshi wake hupunguza vijidudu vinavyoharibu maziwa na kuyapa harufu ambayo walaji wengi hadi leo huitambua kuwa ndiyo harufu ya maziwa ya kweli. Kuni zilizotumika zilikuwa chache mno. Taka hazikuwapo: siagi ilipotengwa kwa kutikisa kibuyu, maziwa yaliyobaki yalinyweka. Ni kweli kwamba mfumo huu ulitegemea miti ya aina maalumu, na kwamba haukuundwa kulisha mji. Lakini kumwelezea mwanamke huyo kuwa mtu asiye na teknolojia, kama zifanyavyo ripoti nyingi za maendeleo, ni kupuuza ushahidi.

Chini ya utawala wa Waingereza, wakati Babati ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, bidhaa ya maziwa iliyofaa biashara ya mbali ilikuwa samli. Sababu yake ni ya kimazingira kama ilivyo ya kiuchumi: samli haihitaji ubaridi, na huvumilia safari ndefu katika barabara mbovu. Kilo moja, hata hivyo, hutokana na takribani lita 20 za maziwa au zaidi, na kuichemsha kunahitaji kuni. Wakati huohuo serikali ya kikoloni iliiona mifugo yenyewe kuwa tatizo. Mpango wa Maendeleo wa Mbulu ulioendeshwa katika miaka ya 1950 uliambatanisha ufyekaji wa vichaka vyenye mbung'o na shinikizo la kupunguza idadi ya ng'ombe ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hifadhi ya mazingira iliingia katika maisha ya mfugaji kwa sura ya amri, na kumbukumbu hiyo haikufutika kirahisi.

Baada ya uhuru, amri hizo zilibadilika mwelekeo. Katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang, mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyofadhiliwa na Kanada yalichukua takribani ekari 100,000, sehemu kubwa yake ikiwa malisho bora ya Wabarbaig. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO iliyofunguliwa mwaka 1981 ilimalizika mwaka 1985 kwa Mahakama ya Rufani kuipa NAFCO ushindi. Mwaka huohuo wa 1985 Babati ilitengwa na Hanang kuwa wilaya. Wafugaji waliokosa malisho walisogea, na mgandamizo wa mifugo katika ardhi iliyosalia uliongezeka. Mtafiti anayepima uendelevu wa maziwa kwa kuanzia mlangoni mwa kiwanda huikosa sehemu hii, ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Kiwanda kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa Arusha, takribani kilomita 170 kaskazini. Viwanda vya umma vya wakati huo viliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa maziwa ya unga na mafuta ya siagi ya msaada, yaliyochanganywa upya na maji. Kwa hiyo katika miaka ambayo taifa lilijivunia viwanda vyake, maziwa ya Babati yaliendelea kunywewa nyumbani au kuuzwa jirani kwa jirani.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1990, na yalitanguliwa na maji. Ziwa Babati, lililo pembezoni mwa mji, halina mto wa kudumu unaotoka. Lilifurika mwaka 1964, likafurika tena 1979, na mwaka 1990 maji yakaingia mjini. Watafiti walijadili uhusiano wa mafuriko hayo na mabadiliko ya uoto katika vilima vinavyolizunguka, na mpango wa usimamizi wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden ukatoa kipaumbele kwa udongo na miti. Vijiji vinane vya Duru-Haitemba, kusini mwa mji, vilikabidhiwa msitu wao katikati ya muongo huo, vikajitungia sheria ndogo za kuni na malisho. Ng'ombe wa kisasa na mbuzi wa maziwa waliofugwa bandani walienezwa kwa mantiki hiyohiyo: mnyama akae, majani yaletwe. Ndipo ziada ya maziwa ilipopatikana karibu na mji, na usindikaji mdogo ukawezekana.

Usindikaji huo unakula nini? Kupasteurisha maziwa kwa njia ya sufuria kunahitaji nyuzi joto 63 kwa dakika 30. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 25 kunadai nishati ya takribani megajuli 15. Jiko linalofikisha sehemu moja tu kati ya sita ya joto lake kwenye sufuria litatumia karibu kilo sita za kuni kavu, bila kuhesabu maji ya moto ya kuoshea vyombo. Kiasi hicho si cha kutisha. Gharama kubwa zaidi ni ubaridi, na hapa mtindi una faida ambayo haijathaminiwa vya kutosha: uchachu wake humpa msindikaji muda ambao vinginevyo angeununua kwa umeme. Mtindi ni mwendelezo wa kibuyu, na kwa kipimo cha nishati unaishinda pakiti ya maziwa matamu yanayosafirishwa yakiwa baridi.

Kwenye maji hesabu ni kali zaidi. Lita moja ya maziwa ikimwagwa huhitaji takribani gramu 100 za oksijeni ili ioze, yaani oksijeni iliyoyeyuka katika zaidi ya lita 10,000 za maji ya ziwa. Mahali penye mto wa kudumu, uchafu husafiri na kuwa tatizo la wengine. Katika bonde lisilo na njia ya kutokea, kinachofika ziwani hubaki humo, pamoja na samaki na viboko.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Tasnia ya Maziwa Na. 8 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20. Ya kwanza iliunda Bodi ya Maziwa na kumtaka msindikaji asajiliwe. Ya pili iliweka masharti ya tathmini ya athari na utiririshaji wa majitaka. Zote mbili zinamfikiria msindikaji mwenye anwani, mhasibu na bomba la majitaka. Kikundi cha wanawake chenye sufuria mbili hakiko mbali na sheria kwa ukaidi. Gharama ya kuzitimiza inaweza kuzidi faida yake, na maziwa yake hurudi katika soko lisilo rasmi, ambalo ndilo hupokea sehemu kubwa ya maziwa yote yanayouzwa nchini. Huko hakuna anayepima majitaka wala joto. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 nalo liliacha nje vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa, hivyo pakiti ya mtindi ikabaki halali, na baada ya kunywewa huishia katika mitaro ya mji, ambayo mvua ya masika huisukuma kuelekea ziwani.